Ushanga, Shuka na Sanaa ya Vipande

Mwaka mmoja wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu walipelekwa Kajiado kufanya mazoezi ya kufundisha, nami nikafuatana nao kuwasimamia. Jioni moja, tulipokuwa tumekaa tukizungumza habari za somo la historia, kijana mmoja aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Alisema, "Mwalimu, vitabu vyasema mavazi ya Wamasai ni ya asili. Lakini ushanga unatoka Ulaya, shuka inatoka kiwandani, na hata neno shuka ni la Kiswahili. Basi hapo kilicho cha Mmasai ni kipi?" Wenzake wakacheka. Hakucheka msichana mmoja, mzaliwa wa Matapato, aliyekuwa amevaa bangili ya ushanga aliyotungiwa na mama yake. Aliitazama bangili ile, kisha akavuta mkono wa sweta yake mpaka ukaifunika.

Kitendo kile kiliniuma kuliko swali lenyewe. Swali lilikuwa halali, na mwalimu hana ruhusa ya kumkemea mtu kwa swali la halali. Lakini kuficha bangili kulikuwa ni jibu, tena jibu lililotolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Niliahidi kwamba nitautafuta ushahidi. Nimeutafuta katika habari za wasafiri wa zamani na kwa wanawake watungao ushanga, na haya ndiyo niliyoyapata. Nitaanza mbali kidogo, pwani, kwa kuwa nguo na ushanga vyote viwili vilipanda bara kutoka huko.

Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Merikebu za Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, zikawa zikitia nanga Unguja mara kwa mara, zikichukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu, na kuacha nguo nyeupe, nzito, isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya jimbo hilo. Watu wa pwani waliiita merikani. Jina hilo lilidumu hata wakati wa vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 hadi 1865, pamba ilipokuwa haba na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikashika mahali pake. Pamoja na merikani ilikuwako kaniki, nguo iliyotiwa nili, na bendera, nguo nyekundu. Nguo hizi zilikuwa ndizo fedha za safari. Zilipimwa kwa mkono, tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati: mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili zilikuwa doti. Kwa hiyo shuka ilikuwa jina la kipimo kabla haijawa jina la vazi.

Hapa yafaa nimsahihishe yule kijana katika jambo moja dogo. Wamasai wenyewe vazi lile huliita olkarasha. Shuka ni jina tunalolitumia sisi tulio nje, kisha tukasahau kwamba sisi ndio tuliolileta, na sasa twamlaumu mwenzetu kwa kuazima neno ambalo hakuliazima.

Wanawake wa pwani hawakuridhika na weupe wa merikani. Yasimuliwa Mombasa na Unguja kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 walianza kununua leso za rangi, zile za kupangusia jasho, ambazo kwanza zililetwa na Wareno. Na neno leso lenyewe ni la Kireno. Leso hizo zilikuja zimechapwa mfululizo katika jora, ili muuzaji azikate moja moja. Wanawake hawakuzitaka moja moja. Walikatiwa leso tatu zikiwa zimeshikana, wakakatiwa tatu nyingine, wakazishona ubavu kwa ubavu, wakapata vazi pana la leso sita ambalo hakuna kiwanda kilichokuwa kimepata kuliwaza. Wafanyabiashara walipoona vile wakaagiza nguo nzima ichapwe kwa mfano wa ile iliyoshonwa, nayo ikaitwa kanga. Mombasa mpaka leo watu huiita leso, ijapokuwa mle ndani hamna tena leso hata moja. Nasema haya ili msomaji wa pwani asije akadhani kwamba swali la yule kijana lamhusu Mmasai peke yake. Kama kitu kilichotoka nje hakiwezi kuwa chako, basi kanga si ya Mswahili, na chai si ya Mwingereza.

Sasa tupande bara. Ushanga uliochukuliwa na misafara ulitengenezwa hasa Venice, katika Italia, na baadaye kwa wingi Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Cheki. Richard Burton, aliyeondoka pwani kwenda maziwa makuu mwaka 1857, aliandika orodha ndefu ya aina za ushanga zilizouzwa Unguja, kila aina na jina lake. Mashuhuri kupita nyingine ilikuwa samesame, ushanga mwekundu. Jambo lililomsumbua Burton, na likamsumbua Stanley baada yake mwaka 1871, ni kwamba kila nchi ilikuwa na rangi yake, na rangi yenyewe ilibadilika. Ushanga uliogombewa mahali pamoja ulikataliwa mwendo wa siku chache mbele. Mfanyabiashara aliyefika na rangi isiyotakiwa alikuwa amechukuza wapagazi mizigo ya kokoto. Haidhuru aliununua kwa bei gani; mwenye kuamua thamani yake alikuwa mwanamke wa kijijini ambaye hajapata kuiona bahari.

Katika nchi ya Wamasai kanuni hiyo ilikuwa kali zaidi. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti kijana wa miaka 25, alitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kuipita nchi hiyo. Alipofika Taveta aliambiwa na wenye kujua kwamba mali yake haikufaa kama ilivyo. Ushanga wake ulihitaji kutungwa upya katika nyuzi za urefu aliouzoea Mmasai, la sivyo haungepokewa. Basi watu wa msafara, waliozoea kubeba mizigo na bunduki, wakakaa kitako Taveta wakitunga ushanga siku baada ya siku. Tena ilipasa kushona naibere. Hili lilikuwa vazi la moran la vitani: kitambaa cha pamba cha urefu wa futi sita na upana wa futi mbili, na katikati yake, toka juu hata chini, ukanda wa nguo ya rangi uliopachikwa na kushonwa. Moran alilifunga shingoni likapepea nyuma yake akikimbia.

Nimelisoma jambo hili mara nyingi, na kila mara nalitaka msomaji alitazame sawasawa. Kioo kilikuwa cha Venice. Nguo ilikuwa ya Marekani au ya Uingereza. Mikono iliyoshona ilikuwa ya wapagazi wa pwani, na bwana wa msafara alikuwa Mskoti. Lakini amri ilitoka kwa Mmasai ambaye hata hakuwapo: urefu uwe huu, rangi iwe hii, ukanda upite hapa katikati. Asiyetii amri hiyo hakupita. Thomson mwenyewe alirudishwa mara ya kwanza kwa hatari ya vita. Mwaka huo huo akajaribu tena, akafuatana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua nchi ile kuliko Mzungu ye yote wa zama zake. Walipita kaskazini ya Kilimanjaro, wakavuka Matapato, wakaingia katika uwanda wa Kaputiei, wakafika Ngong. Nchi yote hiyo leo imo katika Kajiado, na Kitengela imo katika uwanda ule wa Kaputiei.

Wala tusidhani kwamba kabla ya misafara Wamasai walikuwa hawana pambo. Mavazi ya wanawake yalikuwa ngozi za kondoo, mbuzi na ndama, zilizokwanguliwa nywele na kulainishwa kwa mafuta. Ngozi moja ndogo haimtoshi mtu mzima. Kwa hiyo zilikatwa, zikapangwa, zikaunganishwa kwa kano za mnyama, tundu zikitobolewa kwa uma mwembamba wa chuma. Mapambo yalikuwa ya chuma, mbegu, mifupa na kaure. Wahunzi wa Kimasai, ndio Ilkunono, walifua chuma; na waya wa chuma na wa shaba uliokuja na misafara ulizungushwa mikononi na miguuni mwa wanawake. Alama ya mwanamke aliyeolewa ilikuwa isurutia, mapambo ya masikio ya waya uliozungushwa kama konokono. Ushanga ulipofika, basi, ulimkuta mtu aliyekwisha zoea kushona vipande na kusoma alama. Ulimwongezea herufi, kusoma alikuwa anajua.

Neno hili la kusoma sikulipata kitabuni. Nililipata nje ya mji wa Kajiado, nyumbani kwa mwanamke mzee ambaye yule msichana wa Matapato alinipeleka kwake kwa kuwa alikuwa jamaa ya mama yake. Nilimsalimu "Takwenya", akaitika "Iko", akatukaribisha chini ya mti alipokuwa akifanya kazi. Msichana alikuwa mkalimani wetu. Mapajani mwa mzee yule mlikuwa na duara la ngozi ya ng'ombe, na pembeni vikopo vya ushanga mdogo mdogo. Nilimwuliza anaununua wapi. Akasema dukani, na kwamba anapouliza huulizia ule wa Cheki, kwa sababu chembe zake zalingana. Ule wa rahisi una chembe nene na nyembamba, na mstari hupinda kama njia ya mbuzi.

Nikamweleza swali la yule kijana. Alimtazama msichana, kana kwamba ndiye aliyeliuliza, akasema maneno ambayo mkalimani wangu aliyatafsiri polepole: "Maziwa hutoka kwa ng'ombe. Lakini aliyefukiza kibuyu ni nani?"

Kisha akaanza kunifundisha, maana aliona dhahiri kwamba mwalimu huyu hajui kitu. Rangi moja, alisema, haiachwi iende mbali peke yake. Lazima ikatwe. Nyekundu hukaa na kijani, na samawati hukaa na rangi ya machungwa. Nyeupe huingia kati ili macho yapumzike. Kila oloshon, yaani kila sehemu ya Wamasai, ina mapenzi yake: Kaputiei, Matapato, Loodokilani, Keekonyokie, Kisongo, kila mmoja hupanga kwa namna ambayo jirani yake huitambua. Tena kila rika la vijana huja na mtindo wake, hata mwanamke mwenye macho mazuri aweza kusema pambo hili ni la zama za rika fulani. Hapo akamshika msichana mkono, akaivuta ile sweta juu, akaitazama bangili. Alicheka. Akasema bangili hii ni ya Matapato, aliyeitunga alifunzwa na mkono wa kushoto, na hapa, akiweka kidole mahali ambapo mimi sikuona tofauti yo yote, ushanga wa kijani ulimwishia akatia samawati akitumaini mtu hataona. Msichana akashangaa. Mama yake alikuwa ni wa mkono wa kushoto, na ni kweli alimwambia kwamba mwaka ule ushanga wa kijani ulipotea dukani.

Mwanafunzi wa historia afundishwaye kusoma hati za zamani atajua ni jambo gani lililofanyika pale chini ya mti.

Yaliyoipata nchi ya Wamasai baada ya Thomson nitayapita upesi, kwani yameandikwa kwingine. Sotoka iliua ng'ombe karibu wote katika miaka ya 1890 na 1891, na ndui ikafuata. Reli ya Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Kwa mapatano ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911 Wamasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa, na baadaye ya Laikipia, wakasukumwa kusini. Katika muongo wa pili wa karne ya 20 reli ya magadi ilipita Kajiado, na pamoja na reli yalikuja maduka ya Wahindi. Ushanga haukungoja tena msafara. Ulikaa katika chupa juu ya rafu ukimngoja mnunuzi. Kwa kuwa ulikuwa mwingi na rahisi, mapambo yakawa mapana na mazito, na hiyo mikufu mipana ya duara tunayoiona katika picha, ambayo wengi hudhani ni ya tangu zamani za kale, ni tunda la karne hiyo ya maduka. Nguo nayo ikashika mahali pa ngozi, kwanza kwa wanaume, kisha kwa wanawake.

Wako waliotaka kuyaondoa mavazi hayo kwa nguvu. Katika Tanzania, mwaka 1967 na 1968, serikali ilipiga mbiu ya kuwavisha Wamasai suruali na magauni, na mwenye kuvaa shuka alinyimwa kupanda basi. Waliofanya hivyo walikuwa na nia ya maendeleo, na baadhi yao walikuwa walimu kama mimi. Nakiri kwamba kama ningalikuwa mwalimu wa Arusha mwaka ule sijui ningalisimama upande gani. Shuka haikuondoka.

Katika kutafuta watu wengine walioifanya kazi ya vipande kuwa sanaa nilizipata habari za Korea, nazo zilinisaidia kuuona uzito wa jambo lenyewe. Wakorea wana vitambaa vya mraba viitwavyo bojagi, vya kufungia vitu: chakula, nguo, zawadi za arusi. Katika zama za wafalme wa Joseon, tangu mwaka 1392 hadi 1910, wanawake wa nyumba za kawaida hawakutupa mabaki ya nguo walizoshona. Waliyaunga mabaki hayo, ya katani, ya hariri na ya kitambaa chepesi wakiitacho mosi, wakafanya kitambaa kimoja kiitwacho jogakbo. Jogak maana yake ni kipande. Mishono yake hukunjwa ndani ili upande wa nyuma uwe safi kama wa mbele, na kile cha mosi ukikiinua juani mishono huonekana kama mistari myeusi na rangi huwaka baina yake. Ilisadikiwa kwamba wingi wa vipande huleta maisha marefu. Majina ya wanawake hao hayakuandikwa. Kwa muda mrefu hakuna aliyeiita kazi yao sanaa. Ilikuwa matumizi ya nyumbani tu, mpaka Huh Dong-hwa alipoanza kukusanya vitambaa hivyo na kufungua jumba la makumbusho ya taraza Seoul mwaka 1976.

Baadaye sanaa hiyo ilivuka bahari pamoja na watu. Chunghie Lee, msanii Mkorea, aliifundisha Marekani katika Chuo cha Sanaa cha Rhode Island, na watu wasiojua Kikorea wakajifunza mishono ile. Hapa ndipo swali la yule kijana linapogeuka. Mmarekani akishona jogakbo kwa pamba ya Texas, je, ni ya Mmarekani au ya Mkorea? Chunghie Lee hakuchukua kitambaa tu kwenda Marekani. Alichukua kanuni: jinsi ya kukunja, jinsi ya kukaza uzi, jinsi ya kujua kipande kipi kikae karibu na kipi. Nguo hupatikana popote, lakini kanuni huenda alikokwenda mwalimu.

Kitengela nako alifika mwalimu wa namna hiyo kutoka nje. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuwa mchoraji wa picha za ukutani, alikaa katika nyika ya Kitengela, ng'ambo ya mbuga ya wanyama ya Nairobi. Hapo alianza kutengeneza madirisha ya vioo vya rangi. Kazi hiyo ni ya zamani katika makanisa ya Ulaya: vipande vya kioo hukatwa kwa mfano wa picha, hushikanishwa kwa risasi, na jua likipita picha huwaka ukutani. Yeye alitumia sana vioo vilivyokwisha tupwa, vya madirisha yaliyovunjika na vya chupa. Watu wa karibu waliofika kutafuta kazi ya kuchimba msingi walifundishwa kukata kioo, na wengine wao wakawa mafundi. Katika miaka ya 1990 mwanawe, Anselm, aliweka tanuri la kuyeyusha kioo na kukipuliza. Katika kioo hicho hutengenezwa bilauri na mabakuli, na pia ushanga.

Fikirini basi. Kwa zaidi ya miaka mia ushanga wa kioo ulitoka Ulaya kwa merikebu, ukapanda Kaputiei kichwani mwa mpagazi, kisha kwa gari moshi. Leo chupa iliyotupwa Nairobi huyeyushwa katika uwanda ule ule ikatoka ni ushanga. Mjerumani ndiye aliyeanzisha. Mikono mingi iliyofuata ni ya Wakenya. Nilipoviona vile vipande vya kioo vilivyopangwa juu ya meza vikingoja risasi, nilimkumbuka yule mzee wa Kajiado na vikopo vyake, na vile vitambaa vya Korea vinavyowaka juani. Mtu asiyejua kanuni akipewa vipande hivyo atavifagia.

Lakini Kitengela ina kazi nyingine ya vipande, na hii sipendi kuipita kimya. Mwaka 1990 Kenya ilitunga sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, na eneo kubwa likafunguliwa Athi River, mlango wa pili na Kitengela. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya kuziruhusu nguo za nchi nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru, na viwanda vya kushona suruali na mashati vikaongezeka Athi River. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, walitafuta vyumba Kitengela. Malisho ya Kaputiei, yaliyokuwa yamefanywa ya vikundi kwa sheria ya mwaka 1968, yalikuwa yamekwisha gawanywa kwa mtu mmoja mmoja. Viwanja vikauzwa, nyua zikafungwa, na penye njia ya ng'ombe pakawa na magorofa ya kupanga. Katika viwanda hivyo mshonaji hashoni suruali. Hushona mshono mmoja, mathalan wa mfuko, akausukuma kwa jirani yake, akapokea mwingine. Aweza kushona mwaka mzima asikamilishe hata vazi moja. Nguo aliyoishika kidogo hupakiwa ikaenda Marekani, nchi ile ile ambayo merikebu zake zilituletea merikani katika karne ya 19. Simlaumu mama anayepata karo ya watoto kwa mshono wa mfuko. Karo ni karo. Lakini mpagazi wa Thomson, aliyeshona naibere Taveta bila kupenda, aliliona vazi lake zima likipepea.

Na wako wanaochukua sura ya kitu na kumwacha mwalimu. Katika mavazi yake ya wanaume ya mwaka 2012, nyumba ya mitindo ya Louis Vuitton ya Paris ilionyesha mashati na mitandio yenye miraba ya nyekundu na samawati kama ile ya shuka. Yalizuka mabishano, na baadhi ya Wamasai wakaanza kudai kwamba jina na mitindo yao isitumiwe na makampuni bila ruhusa wala malipo. Wapinzani wao hujibu kwa swali lile lile la mwanafunzi wangu: miraba ni ya Skoti, ushanga ni wa Cheki, basi mnadai nini? Kwa hiyo swali lile halikuwa la mzaha wa jioni tu. Wako watu ambao riziki yao inategemea jibu lake.

Nilirudi kwa wanafunzi wangu nikawaeleza haya yote, kwa urefu kuliko walivyotaka. Yule kijana alinisikiliza, akasema bado ana shaka. Akauliza kama msichana ambaye hajui kutunga, aliyekaa shule za bweni tangu utoto wake, naye aweza kudai kwamba ushanga ni wake. Nikamwambia hilo amwulize mwenyewe.

Hakumwuliza, au kama alimwuliza mimi sikuambiwa. Lakini niliona kwamba siku za Jumamosi msichana yule alikuwa akienda nje ya mji, akirudi jioni na alama nyekundu za waya vidoleni. Siku ya mwisho ya mazoezi nilikaa nyuma ya darasa lake, darasa la tano, ili nimpe alama zake za kufundisha. Somo lilikuwa njia za misafara. Sikuona ramani ukutani. Alivua bangili mbili, ile ya mama yake na nyingine iliyopinda kidogo kama njia ya mbuzi, akaziweka juu ya meza ya mbele, akawauliza watoto ushanga ule umetoka wapi.

"Dukani," akasema mtoto wa kwanza.

"Na kabla ya dukani?"